Polisi wakikusimamisha usiku: nguvu zipi zinaruhusiwa, na zikizidi ufanye nini

Ni saa tano usiku. Umefunga kibanda pale sokoni, simu imebaki na chaji kidogo, na nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Gari linatokea nyuma yako, linapunguza mwendo, kisha sauti inasema: "Simama hapo! Toa kitambulisho!" Dukani kuna wateja, kortini kuna karani, hospitalini kuna foleni ya watu wanaoona yanayotendeka. Barabarani usiku kuna wewe, wao na mbwa wa jirani.

Makala haya yanaeleza sheria ya Kenya inavyosema kuhusu dakika hizo chache: polisi wana ruhusa gani ya kukusimamisha na kukupekua, wanaweza kutumia nguvu kiasi gani, na wewe au familia yako mfanye nini nguvu hizo zikipita kiasi. Ni vyema kuyasoma mchana ukiwa umetulia, na kumsimulia asiyejua kusoma, kwa maana ukimulikwa tochi usoni hutakuwa na nafasi ya kufungua simu.

Kutembea usiku si kosa

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawaliamini. Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mtu mzima kutembea usiku. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Uhuru huo unaweza kubanwa kwa muda serikali inapotangaza kafyu, na hapo tangazo lazima liseme ni eneo gani na ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mahali pasipo na kafyu, saa sita ya usiku si kosa kuliko saa sita ya mchana.

Mkanganyiko mwingi unatokana na sheria ya vileo ya 2010, ile ambayo wananchi waliibandika jina la sheria ya Mututho. Sheria hiyo inampangia mwenye baa saa za kuuza. Mteja aliyetoka baa na anayekwenda zake nyumbani kimya hajavunja saa za mtu. Kulewa hadi kuzua fujo barabarani, hilo ni kosa, na polisi wanaweza kukukamata kwalo.

Pamoja na hayo, polisi wana mamlaka ya kukusimamisha. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inawaruhusu kumsimamisha mtu au chombo cha usafiri na kupekua wanaposhuku kwamba kuna mali ya wizi. Pia inawaruhusu kumkamata bila hati ya mahakama mtu wanayemkuta usiku barabarani au uwanjani, ikiwa wana sababu za maana za kushuku kwamba ametenda au anakaribia kutenda kosa kubwa la jinai. Maneno mazito hapo ni "sababu za maana". Kwamba wewe ni kijana, umevaa kofia, au hukuwasalimu kwa heshima waliyoitarajia, hayo hayatoshi. Duka limevunjwa dakika kumi zilizopita na wewe unaonekana umebeba gunia ukitokea upande huo, hapo sababu ipo, na afande atakuwa anafanya kazi yake akikuuliza.

Unaweza kumuuliza kwa upole: "Afande, nimekosa nini?" Hilo si ukaidi. Ibara ya 49 ya Katiba inasema mtu anayekamatwa lazima aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, na kwamba ana haki ya kunyamaza. Lugha anayoielewa maana yake ni kwamba mama anayejua Kiduruma au Kipokot pekee hawezi kusomewa makosa kwa Kiingereza kisha ikasemwa kwamba ameelezwa.

Kupekuliwa mwilini, simuni na nyumbani

Ibara ya 31 inalinda faragha ya mwili wako, nyumba yako, mali yako na mawasiliano yako. Upekuzi wa barabarani unaruhusiwa pale tu penye shaka yenye msingi, na una mipaka yake.

Mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Hii si hisani ya afisa mwema. Imeandikwa katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Kama katika doria hiyo hakuna afisa wa kike, wanaume hawapati ruhusa kwa sababu hiyo. Wangoje afisa wa kike afike, au upekuzi ukafanyiwe kituoni.

Simu ni jambo jingine kabisa. Siku hizi vijana wengi husema kwamba wakisimamishwa huambiwa, "Fungua hiyo simu tuone." Simu yako ina mazungumzo yako, picha zako na M-Pesa yako, na Katiba inayalinda hayo kama barua iliyofungwa. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inamtaka mpelelezi aende mahakamani kuomba kibali kabla ya kupekua data iliyohifadhiwa. Unaweza kusema: "Simu hii hapa, lakini sitaifungua bila amri ya korti." Ukisema hivyo, sema polepole na mikono ionekane. Kuwa na haki hakukufanyi uwe salama gizani, na kofi huja haraka kuliko wakili.

Nyumba nayo kwa kawaida inahitaji hati ya mahakama, ingawa sheria inaacha mlango kwa dharura, kwa mfano mshukiwa anapokimbilia ndani. Tutarudi kwenye msako wa nyumba baadaye, kwa sababu mojawapo ya hukumu muhimu kuhusu nguvu za polisi nchini ilitokana na mlango uliovunjwa usiku huko Kwale.

Nguvu kiasi gani?

Jibu limo katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, mwisho kabisa, katika sehemu inayoitwa Jedwali la Sita. Ni kurasa chache tu. Ingekuwa vizuri zibandikwe katika kila ofisi ya chifu.

Jedwali hilo linaanza kwa kusema kwamba afisa lazima kila mara ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu. Nguvu zinaruhusiwa pale tu njia hizo zinaposhindwa au zinapokuwa hazina matumaini ya kufaulu. Kisha zikitumiwa, ziwe zinalingana na mambo matatu: lengo la afisa, uzito wa kosa, na kiwango cha ukinzani wa yule anayekamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inaongeza kwamba aliyekamatwa asifungwe wala kubanwa zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke.

Tulete hayo barabarani. Umesimama, mikono i wazi, umejibu maswali: nguvu inayoruhusiwa ni sifuri. Umekataa kupanda gari na umeshikilia mti: wanaweza kukushika mikono na kukuingiza. Umempiga afisa ngumi: wanaweza kukuangusha na kukutia pingu. Mara tu pingu zinapofunga na umetulia, sababu ya nguvu imekwisha. Teke linalofuata baada ya pingu, rungu la magotini, kuamriwa ugaagae matopeni au uruke kichura, hizo zote ni adhabu, na hakuna polisi nchini Kenya mwenye mamlaka ya kutoa adhabu. Ibara ya 29 inapiga marufuku mateso na adhabu ya viboko. Ibara ya 25 inasema kwamba uhuru dhidi ya mateso ni miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata wakati wa kafyu au wa hatari. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imeweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa afisa anayetesa, na kifungo cha maisha mtu akifa kwa mateso hayo.

Bunduki ina masharti yake. Inaweza kutumiwa tu pale njia nyepesi hazitoshi, na kwa sababu zilizotajwa: kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine, kujikinga na hatari iliyo mbele ya kifo au jeraha baya, kulinda maisha na mali kwa nguvu zenye sababu ya haki, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai asitoroke mikononi mwa sheria au asitoroshwe. Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe, atoe onyo, na ampe mtu nafasi ya kulisikia, isipokuwa kama kungoja kutahatarisha maisha. Mtu anayekimbia tu gizani, ambaye hajashtakiwa kwa lolote na hamtishi yeyote, hayumo katika orodha hiyo. Hata hivyo ushauri wetu ni uleule ambao mama yeyote angempa mwanawe: usikimbie.

Karatasi ambazo sheria inadai

Sehemu ya Jedwali la Sita ambayo wananchi hawaifahamu ndiyo yenye manufaa zaidi kwao, kwa sababu inahusu maandishi.

Afisa aliyevaa sare lazima avae jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Afisa aliyetumia nguvu za namna yoyote lazima amripoti mkubwa wake mara moja na kumweleza ilikuwaje. Mtu akijeruhiwa, maafisa waliopo lazima wampatie matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa zake. Akifa au akiumia vibaya, mkubwa wa kituo lazima aiarifu mara moja Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, na mahali pa tukio palindwe, ushahidi usiguswe. Kutoripoti ni kosa la kinidhamu. Na mdogo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba aliagizwa na mkubwa: agizo haliifanyi nguvu haramu kuwa halali.

Ongeza hapo vitabu vya kituoni. Kila tukio linaandikwa katika kitabu cha matukio, kile sote tunakiita OB. Kila anayewekwa korokoroni anaandikwa jina, sababu, siku na saa aliyofika. Kila bunduki inayotoka ghalani inatiwa sahihi na aliyeichukua. Ukitazama vizuri utaona kwamba sheria haikumtegemea mwananchi aje na shahidi usiku wa manane. Ilitaka polisi wenyewe waache alama kila hatua wanayopiga. Panapotokea maovu, mara nyingi alama ndizo zinazokosekana: jina limevuliwa kifuani, gari halina namba, OB haina chochote. Afisa mnyoofu hana hofu na vitabu hivyo. Doria ya usiku ni kazi ya hatari, maafisa wameuawa wakiifanya, na siku atakaposingiziwa, maandishi hayo ndiyo yatakayomtetea.

Yaliyotokea Kwale, Likoni na Kianjokoma

Agosti 2014, maafisa wa polisi waliingia usiku katika nyumba moja huko Kinango, Kaunti ya Kwale, wakimsaka mtu mwingine. Msichana wa miaka 14 aliyekuwa ndani alipigwa risasi akafa. Maafisa walisema aliwatishia kwa panga. IPOA ilichunguza, wataalamu wa silaha wakatoa ushahidi, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Walikata rufaa wakashindwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa uchunguzi wa IPOA kumfikisha afisa gerezani.

Kisha kukaja kafyu ya korona. Ilianza Ijumaa tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyohiyo, kabla hata saa ya kafyu haijafika, abiria waliokuwa wakingoja feri Likoni walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi. Siku tatu baadaye, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, Nairobi, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu barabarani chini. Chama cha Mawakili kilikwenda mahakamani, na tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikaamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumika kuitekeleza zilikwenda kinyume na Katiba. Uamuzi huo unafaa kukumbukwa na yeyote anayeambiwa kwamba kuvunja kafyu kunampokonya haki zake nyingine. Aliyekosa anapelekwa kortini.

Tukio lililowagusa zaidi watu wa mashambani lilitokea Kianjokoma, Kaunti ya Embu. Usiku wa tarehe 1 Agosti 2021, ndugu wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 19, walifunga biashara yao ya chakula na kuanza kurudi nyumbani. Kafyu wakati huo ilianza saa nne usiku. Walikamatwa na polisi wa doria wakatiwa garini. Hawakufika nyumbani, wala hawakupatikana kituoni. Familia ilitafuta hadi tarehe 3, ilipoikuta miili yao katika chumba cha kuhifadhia maiti cha hospitali ya Embu. Polisi walieleza kwamba wawili hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa likienda. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Wakazi waliandamana, IPOA ikaingia, na maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu. Walikana mashtaka.

Tazama muda huo: kutoka usiku wa tarehe 1 hadi tarehe 3. Kwa mujibu wa Jedwali la Sita, jamaa walipaswa kuarifiwa bila kungojea wajitafutie wenyewe.

Mwenzako akichukuliwa

Kwa hiyo, mtu wenu asipofika nyumbani na mkasikia amechukuliwa na doria, nendeni kituoni usiku huohuo, au alfajiri na mapema kama njia si salama. Nendeni wawili au watatu, akiwemo mzee anayefahamika. Muulizeni afisa wa zamu: je, fulani yumo? Aliingizwa saa ngapi? Kwa kosa gani? Andikeni jibu, saa mliyojibiwa na jina la aliyewajibu. Akisema hayumo, ombeni taarifa yenu ya mtu aliyepotea iandikwe kwenye OB na mpewe namba. Namba hiyo ni yenu kwa haki, na hailipiwi. Kisha nendeni vituo vya jirani, na hospitali. Msikubali kuambiwa mrudi baada ya siku mbili.

Akiwa yumo, ana haki ya kuzungumza na wakili na kuwajulisha watu wake, na akiwa ameumia ana haki ya kutibiwa. Mtoto wa chini ya miaka 18 hawekwi pamoja na watu wazima.

Aliyekamatwa lazima afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Hapa pana mtego ambao wengi wameunasa. Saa 24 zikiisha wakati korti imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa siku inayofuata ya korti. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa usiku mara nyingi hulala ndani hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa. Njia ya kutokea ni bondi ya polisi. Kama kosa si kubwa na haiwezekani kumfikisha kortini ndani ya saa hizo, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia kwa bondi, akaja mwenyewe kortini siku iliyopangwa. Bondi haina malipo. Ikiwa ni dhamana ya pesa taslimu, dai risiti. Pesa isiyo na risiti ni chai tu, iitwe jina gani.

Ukishapigwa

Kinachofanywa katika siku mbili za kwanza ndicho huamua kama malalamiko yatasimama au yataanguka.

Tangulia hospitalini, hata kama ni zahanati ya kijijini, na umwambie mhudumu wazi kwamba umepigwa na polisi, wapi na kwa kitu gani. Atakayoyaandika kwenye kitabu chako cha matibabu yana tarehe, nayo hayabadiliki baadaye. Wengi huona haya wakasema wameanguka kwenye pikipiki. Miezi sita baadaye wakili wa upande mwingine huisoma sentensi hiyo mbele ya hakimu, na kesi inakufa hapo. Piga picha za majeraha siku hiyo, na tena siku ya tatu, kwa sababu michubuko hukolea rangi baadaye. Nguo zenye damu usizifue. Ziache zikauke kivulini, uziweke kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni huziozesha.

Baadaye utahitaji fomu ya P3, inayotolewa na polisi na kujazwa na daktari au tabibu. Fomu hiyo haiuzwi. Ugumu unajulikana: utaipataje kutoka kituo kilekile ambacho afisa wake ndiye aliyekupiga? Unaweza kuripoti katika kituo kingine, na unaweza kuanzia IPOA moja kwa moja, bila kupitia kituo chochote.

Kaa chini uandike au umweleze mtu akuandikie: saa, mahali, mwelekeo wa gari, namba ya gari hata kama ulishika tarakimu mbili tu, maafisa wangapi, sare ya rangi gani, jina lililosomeka kifuani, maneno waliyosema, waliitanaje. Simu yako nayo ni shahidi. Ulipiga simu saa tatu na dakika hamsini, ulilipwa kwa M-Pesa saa nne na dakika mbili, kisha hakuna kitu hadi alfajiri: rekodi hizo zinaonyesha ulikuwa hai, ukifanya kazi, na saa ulipokatizwa. Usizifute.

Kupeleka malalamiko

IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011 na haiko chini ya polisi. Namba yake ya bure ni 1559. Makao yake makuu yako Nairobi, na ina ofisi katika miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret, Kakamega, Nyeri, Meru na Garissa. Malalamiko unaweza kuyatoa kwa mdomo au kwa maandishi, nawe hulipi. Polisi wenyewe wana Kitengo cha Masuala ya Ndani kinachochunguza maafisa wenzao. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu pia hupokea malalamiko, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Usiwe na matarajio makubwa mno. IPOA inachunguza na kupendekeza. Anayeamua kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na anayehukumu ni mahakama. Kesi ya Kwale ilichukua mwaka mmoja na nusu hivi, na hiyo ni haraka. Nyingi huchukua miaka, na nyingine hazifiki popote kwa kukosa mashahidi. Ukitaka fidia kwa kesi ya kawaida ya madai dhidi ya serikali, ifungue ndani ya miezi 12 tangu siku ya tukio. Ukipita huo muda unaweza kufungiwa mlango, ingawa kesi ya kikatiba ya kudai haki zilizovunjwa ina njia yake tofauti. Muulize wakili mapema.

Na hofu je? Ni ya haki. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda mmoja alipigwa risasi na afisa alipokuwa amesimamishwa barabarani, akalalamika kwa IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wao wa teksi walitekwa walipokuwa wakitoka Mahakama ya Mavoko, wakauawa, na miili yao ikatolewa mtoni. Ilichukua miaka sita kufikia hukumu: Julai 2022 maafisa watatu na mpashaji habari mmoja walipatikana na hatia, na Februari 2023 afisa mkuu wa njama hiyo akahukumiwa kifo, wenzake vifungo vya miaka 20 hadi 30. Waliolalamika wasiambiwe kwamba hakuna hatari. Lakini malalamiko yanayojulikana na mtu mmoja pekee ndiyo rahisi kuzimwa. Nakala moja ikae IPOA, nyingine kwa Tume ya Haki au shirika la haki lililo karibu, nyingine kwa kiongozi wa dini au mzee unayemwamini. Ukipata vitisho, waambie IPOA siku hiyohiyo na uulize kuhusu Shirika la Kulinda Mashahidi, ambalo lina mamlaka ya kumhamisha shahidi na familia yake.

Kabla ya kutoka usiku

Mjulishe mtu mmoja njia utakayopita na saa unayotarajia kufika. Bebeni kitambulisho, na vijana wa bodaboda wabebe leseni na bima. Hifadhi namba 1559 kwenye simu, na namba mbili za nyumbani uzijue kwa kichwa, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa. Ukisimamishwa, simama, toa mikono mifukoni, zima redio ya pikipiki, jibu kwa sauti ya kawaida. Usitie mkono ndani ya koti ghafla kutafuta kitambulisho: sema kwanza, "Afande, kiko mfukoni, nakitoa." Na uliye njiani na wenzako, mkiona mmoja amesimamishwa, msitawanyike wala msiwazonge maafisa. Simameni mbali kidogo, mahali mnapoonekana, mpaka aachiliwe au mjue anapelekwa kituo gani.